Kabla ya Kukata Utepe, Andikeni Namba

Kila kisima kipya kina sherehe yake. Mgeni rasmi anafika amechelewa, kwaya inaimba, utepe unakatwa, bomba linafunguliwa. Kisha mgeni rasmi anapewa glasi, anakunywa mbele ya kamera, anafuta midomo na kutangaza kwamba maji ni matamu. Vigelegele. Sina ugomvi na vigelegele. Mama aliyezoea kuamka alfajiri kufuata maji korongoni ana haki ya kushangilia. Ila kwa upande huu wa nchi, kuanzia jiji la Arusha na kuuzunguka Mlima Meru wote, glasi ile haithibitishi kitu. Floraidi haina rangi wala harufu, na kwa viwango vingi tulivyo navyo mnywaji haionji. Haimlazi mtu siku hiyo, wala mwaka huo. Mgeni rasmi atarudi mjini salama salimini. Atakayelipa ni mtoto anayejifunza kutembea leo pale kijijini, na deni litaonekana meno yake ya mbele ya ukubwani yatakapochomoza, akiwa na miaka sita au saba.

Meno hayo tunayajua. Mtu wa Arusha akifungua mdomo Dar es Salaam au Mtwara, wenyeji wanamtajia mkoa wake kabla hajajitambulisha. Wapo wanaocheka kwa kuziba mdomo na kiganja, wapo wanaokataa kupigwa picha wakitabasamu, na wapo waliopelekwa kwa fundi meno wakakwanguliwa mpaka wakabaki na maumivu ya kudumu. Hilo la meno ndilo dogo. Palipo na floraidi nyingi zaidi, na kwa miaka mingi zaidi, mifupa nayo hubeba: mgongo unakakamaa, viungo vinauma, watoto wanapata matege. Meno yakishaharibika wakati yanatengenezwa ndani ya ufizi, dawa ya kuyarudisha haipo. Ndiyo maana miaka minane ya kwanza ya maisha ni ya thamani kuliko mingine yote katika habari hii, na ndiyo maana inashangaza kwamba shule za awali hazimo kwenye orodha ya wa kwanza kuletewa maji yaliyopimwa.

Hatuko peke yetu, wala jambo lenyewe si jipya. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifungua kazi katika mji wa Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wana meno ya kahawia ambayo hakuna kitabu kilichoyaeleza. Ilimchukua miaka thelathini, mpaka 1931, ambapo mkemia aitwaye H. V. Churchill alipima maji na kuikuta floraidi. Kilichofuata ni kichekesho cha aina yake: baada ya kuona kwamba floraidi kidogo hulinda meno yasioze, Wamarekani walianza kuitia kwenye maji kwa makusudi, wakianza na mji wa Grand Rapids mwaka 1945. Wenzetu wanaipima na kuiongeza. Sisi tumepewa na mlima bure, na kwa kipimo cha mlima.

Meru una urefu wa mita 4,562 na mara ya mwisho ulitoa moshi na majivu mwaka 1910. Miamba yake ni ya volkano yenye sodiamu kwa wingi na kalisiamu haba, na ndani yake floraidi imejaa. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki uliporomoka wote, na tope lile likatiririka kuelekea Kilimanjaro likiacha vilima vidogovidogo ambavyo msafiri wa Momela anaviona mpaka leo. Mashimo yaliyobaki kati ya vilima yakajaa maji, yakawa maziwa. Wanajiolojia Nanyaro na wenzake walichapisha vipimo vya eneo hili mwaka 1984: chemchemi zenye miligramu 15 hadi 63 za floraidi kwa lita, na maziwa ya magadi ya Momela yanayofika 690. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa maji ya kunywa ni 1.5.

Sasa, swali ambalo wanakijiji huuliza na wataalamu huwajibu juu juu: mbona kisima cha jirani ni kizuri na changu ni kibaya? Jibu liko kwenye safari ya maji. Mvua inayonyesha juu ya msitu inaanguka ikiwa karibu haina floraidi kabisa. Inazama, inapita kwenye miamba, na kila mwaka inaokaa chini inachukua kitu. Chemchemi inayotoka juu ya mteremko wa kusini, kwenye mvua nyingi, imesafiri kidogo. Maji ya kisima kirefu cha tambarare yamekaa chini muda mrefu mno. Upande wa kaskazini, ambako mlima umekinga mvua, maji mapya ya kuchanganya ni machache na jua linazidisha chumvi. Juu ya hayo, tope la kale limefukia matabaka ya magadi mahali pengine na mahali pengine halikufukia, kwa hiyo visima viwili vinavyoonana vinaweza kutofautiana kabisa. Huwezi kukisia. Unapima, au hujui.

Kuna jambo moja la kikemia ambalo ningependa kila mtu wa Arumeru alijue, kwa sababu linaunganisha jiko na shamba. Kwenye maji yenye kalisiamu ya kutosha, floraidi na kalisiamu hushikana, zikawa chembe ngumu na kubaki chini kwenye mwamba. Kalisiamu ndiyo polisi wa floraidi. Maji ya Meru yamejaa sodiamu na baikaboneti, polisi hayupo, na floraidi inatembea inavyotaka. Matokeo yake ni kinaya cha mambo: maji yanayosifiwa na kila mama wa nyumbani, yale laini yanayotoa povu kwa sabuni kidogo na kuiacha birika safi bila ukoko mweupe, ndiyo mara nyingi yenye floraidi nyingi. Tunayasifu kwa dalili ileile ambayo ingetutia shaka. (Sisemi ulaini ni kipimo, maji ya mvua nayo ni laini na hayana shida. Nasema tu kwamba sifa za bombani hazitusaidii.)

Na kuchemsha hakusaidii vilevile. Hili linarudiwa kila mwaka na kila mwaka halisikiki. Moto unaua vijidudu vya kuhara, na kwa hilo tuendelee kuchemsha. Floraidi haiuawi kwa kuwa haiishi. Sufuria ikichemka muda mrefu, maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki yote, kwa hiyo lita iliyobaki ina nyingi zaidi ya ile uliyoanza nayo. Vidonge vya klorini navyo haviigusi. Halafu tunatia magadi kwenye makande na kiburu ili maharage yaive upesi, na magadi yanayookotwa kwenye maeneo haya yana floraidi yake ya ziada. Majani ya chai nayo huihifadhi. Mtoto mmoja anaweza kuipata kwa milango mitatu kabla ya saa sita mchana.

Twende Ngarenanyuki, upande wa kaskazini mashariki, kwa sababu pale maji na historia havitenganishwi. Novemba 1951 serikali ya mkoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki, wakati huo pakiandikwa Engare Nanyuki, ili kuwapisha walowezi wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa. Wameru wakachanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, na mwaka 1952, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuidai ardhi. Ni moja ya kurasa za fahari kubwa katika siasa za Tanganyika, na shuleni inafundishwa kwa haraka mno. Wajukuu wa waliodai ardhi ile leo wanailima nyanya na vitunguu vinavyofika masoko ya mbali, na wanainywesha kwa mto ambao floraidi yake ni mara nyingi ya kiwango cha kunywa. Ardhi ilirudi. Maji yake hayakuwahi kujadiliwa.

Wakulima huuliza: kama maji yanaharibu meno, je, nyanya? Jibu langu litawaudhi wanaopenda habari za kutisha. Shirika la Chakula na Kilimo, katika mwongozo wake wa 1985 kuhusu maji ya umwagiliaji, lilipendekeza floraidi isizidi miligramu 1 kwa lita, lakini likaeleza pia kwamba udongo usio na tindikali huishika floraidi na kuipunguzia nguvu. Tunda la nyanya hubeba kidogo. Mboga za majani, hasa zikimwagiwa kwa kunyunyizia juu, hubeba zaidi, na ni vyema kuziosha kwa maji mengine. Adui mkubwa wa shamba la Ngarenanyuki ni yule mwenzake floraidi ambaye hatajwi kwenye mikutano: sodiamu.

Udongo wenye afya una chembe zilizoshikana kwa kalisiamu, na kati yake kuna njia za maji na hewa. Ukimwagilia kwa maji yenye sodiamu nyingi msimu baada ya msimu, sodiamu inaifukuza kalisiamu, chembe zinaachana, njia zinaziba. Juu panakuwa na ukoko mgumu, maji yanatuama badala ya kuzama, miche inashindwa kutoboa. Kando ya mfereji unaona mistari myeupe. Mkulima anasema udongo umechoka, anaongeza mbolea ya dukani, na nyingine ya mbolea hizo ni chumvi juu ya chumvi. Baikaboneti inazidisha hasara kwa kuikamata kalisiamu kidogo iliyobaki udongoni na kuigeuza chokaa isiyotumika. Kwa hiyo ukosefu wa kalisiamu uleule unaoachia floraidi iende kwenye meno ya mtoto ndio unaovunja udongo wa baba yake.

Kwa udongo dawa ipo, tena karibu. Jasi ni kalisiamu kwenye gunia, na inachimbwa Makanya, wilayani Same, kando ya barabara kuu ya kwenda Tanga. Ukiichanganya na samadi kwenye shamba linalopitisha maji vizuri, udongo unarudi polepole. Pasipo na mtaro wa kutolea maji haitafanya kazi, kwa sababu sodiamu iliyong'olewa lazima ipate pa kwenda. Bwana shamba anayejua haya anaweza kuokoa kijiji. Lakini ili amwambie mkulima gunia ngapi, anahitaji kipimo cha sodiamu, kalisiamu na baikaboneti cha chanzo kile, na hapo ndipo tunaporudi kwenye namba ambayo hakuna aliyeiandika.

Historia ya namba zenyewe inafaa kusimuliwa. Mwaka 1974 Tanzania iliweka viwango vya muda vya maji ya majumbani, na kwa floraidi ikaruhusu miligramu 8 kwa lita. Si kwamba wataalamu wetu hawakujua. Walijua kuwa wakiandika 1.5 wangelazimika kufunga vyanzo vya mamia ya vijiji bila kuwa na vingine vya kuwapa. Ulikuwa uamuzi wa maskini mkweli. Baadaye ikashushwa ikawa 4, na miaka ya karibuni ikafika 1.5. Sheria sasa ni nzuri, na sisemi hivyo kwa kejeli. Ila kuna hatari ya aina mpya: zamani kiwango kililegezwa ili kilingane na maji, leo kiwango kimekazwa, maji ni yaleyale, na jedwali la utekelezaji linahesabu kilula kuwa kilula. Kijiji kikishapata bomba kinahamishwa kwenye safu ya waliohudumiwa. Kinachotoka bombani kina safu gani?

Katika kuondoa floraidi hatujakaa mikono mitupu. Pale Ngurdoto, Arumeru, Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi ambacho kwa miongo kadhaa kimejaribu njia mbalimbali. Walijaribu ile ya Nalgonda, iliyopewa jina la mji wa India, inayotumia shabu na chokaa. Inafanya kazi, lakini inataka mtu wa kupima kemikali kila siku, na inaacha matope ya kutupa. Wakajikita kwenye mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri kwa hewa kidogo, inasagwa, inapangwa kwenye ndoo au tangi, maji yanapita, na floraidi inabaki kwenye mfupa. Ni elimu ya kupendeza, kwani mfupa ni kalisiamu, na ile floraidi ambayo ingekwenda kung'ang'ania mfupa wa mtu inang'ang'ania wa ng'ombe. Nakuru, Kenya, Dayosisi ya Kikatoliki imekuwa ikitengeneza machujio ya namna hii kwa miaka mingi. Na Tengeru, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela, Dakta Askwar Hilonga, mzaliwa wa Karatu, alibuni chujio la mchanga na vitu vya chembe ndogo sana lililompatia Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi mwaka 2015, ikiwa ndiyo mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa.

Kwa nini basi meno bado ni ya kahawia? Kwa sababu kila chujio lina siku yake ya kufa, na siku hiyo haionekani. Mkaa wa mifupa ukishajaa floraidi, maji yanaendelea kupita, yako safi machoni, na mama anaendelea kumpa mtoto akiamini amemkinga. Hakuna taa nyekundu. Lazima mtu apime na mtu alete mkaa mpya, na mtu huyo alipwe na fungu linalojulikana. Mradi wa mfadhili huleta ndoo, hupiga picha, huondoka. Nimeona ndoo za namna hiyo zikihifadhi mahindi. Siwalaumu wenye mahindi. Chujio bila fundi wa kurudi ni fanicha.

Jiji lenyewe limechukua njia ya nguvu ya fedha. Kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, mradi mkubwa wa Mamlaka ya Maji Arusha wenye thamani ya takriban shilingi bilioni 520 ulipangwa kupandisha uzalishaji kutoka lita milioni 40 hivi kwa siku hadi milioni 200, ukitafuta vyanzo vya mbali zaidi, hadi upande wa Hai. Faida yake kwa habari yetu iko kwenye hesabu ya kuchanganya. Lita moja yenye miligramu 5 ukiichanganya na lita nne zenye miligramu 0.5, unapata lita tano zenye 1.4. Umeingia kwenye kiwango bila kuchoma mfupa hata mmoja. Lakini kuchanganya kunafaa pale tu pampu za maji mazuri zinapofanya kazi. Umeme ukikatika upande mmoja, mtaa wa chini unakunywa kisima kilichokuwa kinafichwa. Anayelipa ankara ana haki ya kujua wiki hii anakunywa mchanganyiko upi, na maelezo ya ankara yana nafasi ya kutosha kwa namba moja zaidi.

Vijijini bomba hilo halitafika kesho. Huko mimi natetea mvua, na nitahesabu ili nisionekane naota. Mtu mmoja anahitaji lita tano hivi kwa siku za kunywa na kupikia. Hizo ndizo zinazoingia mwilini. Kuoga, kufua, kuosha vyombo na kujenga kunaweza kutumia maji ya kisima bila madhara. Familia ya watu sita inataka lita 30 kwa siku. Paa la bati la mita za mraba 40, kwenye mwaka mkame wenye milimita 500 tu za mvua, linapokea lita 20,000. Toa moja ya tano kwa yanayomwagika na ya kusafishia bati, zimebaki 16,000, na familia ile inahitaji chini ya 11,000 kwa mwaka mzima. Tatizo ni kiangazi, siyo kiasi cha mvua: kuanzia Juni hadi Oktoba ni siku mia moja na hamsini hivi, yaani lita 4,500 hivi. Simtanki moja la lita 5,000 linatosha, mradi mwenye nyumba awe mkali kwa wanaolifulia. Bei yake ni kubwa kwa familia moja ya Oldonyo Sambu, ila si kubwa kwa halmashauri inayochimba kisima kirefu ambacho huenda kitatoa maji yasiyonyweka. Kwa shule ya msingi yenye madarasa manane ya bati, ukosefu wa mifereji ya paa na matangi ni uzembe mtupu.

Kinachohitajika katika yote haya ni kuacha kuyaita maji kana kwamba ni kitu kimoja. Kibali cha kuchimba kisima hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde. Vijijini RUWASA, iliyoanza kazi mwaka 2019, ndiyo inayosimamia huduma. Maabara ya ubora wa maji ya wizara ipo hapahapa mjini. Taasisi zipo, na sampuli huchukuliwa. Matokeo yake hulala kwenye faili. Nataka yatoke kwenye faili yapakwe rangi ukutani: kwenye kila kilula, kibao chenye namba ya floraidi, tarehe ya kipimo, na mistari mitatu inayosomeka kwa mbali inayoeleza kama maji hayo yanafaa kunywa na kupikia, yanafaa kumwagilia mboga gani, au ni ya kufulia na mifugo tu. Hata kwa mifugo kuna kikomo, kwani ng'ombe nao meno huliwa.

Nimemsikia kiongozi mmoja akipinga hoja ya namna hii kwamba ukiandika namba mbaya, wananchi watakikataa kisima na fedha za serikali zitakuwa zimepotea. Hofu yake ni ya kweli kisiasa, na sidhani kama ni ya kweli mtaani. Watu wa Maji ya Chai na King'ori wameishi na maji haya vizazi kadhaa. Wanajua tayari kuna kitu, wanachokosa ni kipimo chake. Mama akijua kilula cha juu ni 1.2 na cha chini ni 9, atachota ndoo mbili za juu kwa ajili ya chungu na mtungi, na kufulia atafulia kwa cha chini kilicho karibu. Hatakikataa. Atakachokataa, pengine, ni kulipa bei moja kwa ndoo zote mbili, na ukweli ni kwamba bei hiyo haikupaswa kuwa moja.